Waliosahau Mikongojo

Vårby gård, 11 Oktoba 2009

Yaya wangu Bonaventure,

Amani ikae kwako, kwa wifi yangu Denise na kwa wote wanaokula nyumbani mwako, hata yule jirani anayepita tu akinusa samaki. Najua watu wa Kigoma wanakucheka nikikuita yaya, kwa sababu kwao yaya ni mlezi wa watoto. Waache wacheke. Kule kwetu Uvira mkubwa wako ni yaya wako, na wewe ulinibeba mgongoni mpaka nikajua kukimbia, kwa hiyo hawajakosea sana.

Sisi huku tupo. Mwanangu Christelle amenizidi kimo. Nikimwuliza jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi, nami namrudishia kwa Kiswahili, tunakwenda hivyo mpaka chakula kinaiva. Majani yameanza kudondoka. Asubuhi ziwa la hapa chini linatoa mvuke, na nikilitazama dirishani bila miwani naona kabisa milima ya kwetu ng'ambo. Nikivaa miwani, ni maghorofa. Siku nyingine siivai mpaka saa nne.

Sasa yaya, kaa kitako. Nimepata kazi.

Ngoja, usianze kupiga kelele, nikueleze kwanza. Unajua tangu nilipoteleza kwenye zile ngazi za barafu, enzi zile nikisafisha hoteli, nyonga na mgongo havijawahi kuwa vyangu tena. Madaktari wakaandika yao, na ofisi ya bima, ambayo sisi wote huku tunaiita Kasa (siyo yule wa baharini), ikaniweka kwenye malipo ya ugonjwa ya kudumu. Ya kudumu, yaya. Neno hilo limenilisha na kunilipia nyumba, siwezi kulitukana. Lakini limeninyima asubuhi. Naamka, nakunywa dawa, dawa inanirudisha ndotoni, na nikitoka ndotoni jua limeshaondoka. Kuna siku sijui kama mtu fulani alinipigia simu kweli au nilimwota.

Mwaka huu wameleta sheria mpya. Aliyepewa malipo hayo zamani anaruhusiwa kujaribu kazi, na haki yake haifutwi. Akichuma kidogo hawamgusi. Akizidi wanapunguza taratibu, wala hawakati kwa panga, na kazi ikimshinda anarudi pale pale alipokuwa. Mama mmoja wa Kasa amenieleza mara tatu, na mara zote tatu niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa, kisha nikaenda kulia chooni. Ninaogopa, yaya. Mtu aliyewahi kuwa mkimbizi akiambiwa "toka kidogo, mlango hatuufungi", anaangalia kwanza ufunguo uko mkononi mwa nani.

Kazi yenyewe ni ya saa chache asubuhi, katika ghala la vitu ambavyo watu wamevisahau kwenye treni na mabasi. Nitakaa kwenye kiti na kuvifunga lebo. Wanataka nianze Novemba.

Mkongojo ulionichongea bado ndio mguu wangu wa tatu. Kile kichwa chake ulichosema ni tai, watu wote wa Stockholm wanakiita kuku. Nimechoka kukutetea.

Nisemee neno, yaya. Baba hayupo, wewe ndiye baba. Sitaki kwenda bila neno lako.

Dada yako,
Victoire


Kigoma, 5 Novemba 2009

Dada yangu Victoire,

Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu ya bahasha, sijui ni chai ya posta yenu au ya kwetu. Hapa tu wazima. Mvua zimeanza vizuri, dagaa wamepatikana, na kwaya imepata mwalimu mpya anayeimba kwa pua. Anayekuandikia ni Denise, maana mikono yangu imejaa vanishi na sitaki kukuchafulia karatasi.

(Wifi, hujambo. Mikono yake ni misafi kabisa. D.)

Yule ni tai. Mwambie kila anayesema kuku aje Kigoma nimwonyeshe tofauti.

Kuhusu kazi, nasema hapana. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe ni mgonjwa, na serikali ya watu imekubali kwamba wewe ni mgonjwa, imekuandikia kabisa. Hapa kwetu mtu anaweza kuugua mpaka akafa na asipate hata mtu wa kumwambia pole. Sasa unataka kusimama uwaonyeshe nini? Wakikuona umesimama watasema, ahaa, kumbe anaweza. Kesho watakuuliza kwa nini hukusimama jana. Mgonjwa ni mgonjwa na mzima ni mzima, Victoire. Huwezi kukaa mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, utapigwa na mlango.

Subiri upone. Ukipona, fanya kazi hata tatu. Sisi huku hatujalala. Mwaka jana nilisimama mbele ya kanisa nikaweka nadhiri kwamba sitashika patasi mpaka Mungu akuinue. Sikukwambia kwa sababu nadhiri si tangazo. Vijana ndio wanaoendesha karakana. Mimi nakaa nje nasikiliza, randa ikikwama naijua kwa sauti. Ni mapumziko mazuri tu.

(Ni mapumziko marefu, wifi. Anakaa kwenye benchi mpaka kuku wanamzoea. D.)

Kwa hiyo usijifanye umepona kabla hujapona. Mimi nakungoja.

Kaka yako,
Bonaventure


Vårby gård, 6 Desemba 2009

Yaya,

Barua yako ilichelewa, au mimi niliharakisha. Ilipofika, nilikuwa nimeshaanza. Nisamehe. Niliingoja mpaka Jumapili ya mwisho, na Jumatatu nikajikuta nimevaa.

Habari za nyumbani ni njema. Wifi, nimekusoma hapo kwenye mabano na nimecheka peke yangu jikoni mpaka Christelle akaja kuangalia. Hapa giza limeingia na kukaa. Linakuja mchana watu wakiwa bado kazini, na kila nyumba inaweka taa dirishani, basi ukipita na treni unaona kama watu wote wanangoja mgeni mmoja.

Nikueleze ninakokwenda. Napanda laini nyekundu hapa Vårby gård, na treni ikishatumbukia chini ya ardhi nafumba macho, kwa sababu kule chini si usiku wala mchana. Nashuka, nashuka tena kwa lifti, nafungua mlango. Yaya, laiti ungeona! Rafu mpaka darini. Miavuli imelala kama popo. Glovu, lakini kila moja peke yake, mwenzake yuko mkononi mwa mtu fulani anayeshangaa. Viatu vya watoto. Filimbi. Keki ya arusi iliyokuwa ndani ya boksi lake, mpaka leo tunajiuliza walikata nini. Mimi nakaa kwenye kiti kirefu, navifunga lebo kimoja kimoja, naandika kiliokotwa wapi. Kuna joto na kuna harufu ya sufu iliyolowa. Wakati mwingine nasinzia nimeshika glovu, na katika usingizi ule ninashikana mkono na mtu.

Ninayefanya naye kazi ni mzee mmoja wa Uganda, anaitwa Zaid. Yuko huku tangu enzi za wakimbizi wa kwanza, ni mtu wa swala tano, na Kiswahili chake ni cha amri tupu. "Kuja! Keti! Kunywa chai!" Moyo wake ni wa mama.

Lakini jambo lililonishangaza kuliko yote ni mikongojo. Ndiyo, mikongojo. Na magongo yale ya hospitali ya kuweka kwapani. Yapo mengi, rafu nzima. Siku ya kwanza nilimwuliza Zaid, "Mtu anasahauje mkongojo kwenye treni? Alishukaje?" Akasema, "Uliza wao, wanakuja." Na kweli wanakuja. Siku mbili tatu zikipita mlango unafunguliwa, anaingia mtu anachechemea, ameshika ukuta, anacheka kwa haya, anasema neno moja tu la Kiswidi: nilisahau. Namtafutia, namkabidhi, anaondoka. Hakuna anayemshangaa.

Sitakudanganya. Nikirudi nyumbani nalala kitandani siku yote iliyobaki, na mgongo unaniuliza nilikuwa wapi. Lakini ni maumivu yaliyotoka mahali, siyo yale yaliyokuwa yananikuta nimelala tu. Kasa wametimiza ahadi. Malipo yamekuja, yamepungua kidogo sana, na mshahara mdogo umekaa juu yake. Nilinunua koti la Christelle bila kumwomba mtu.

Hujanisemea neno, yaya. Nimeanza, lakini bado nalisubiri. Na hiyo nadhiri yako inanisumbua. Wewe bila patasi ni nani? Hata mazishini ulikuwa unachonga kijiti. Na vanishi ya mtu asiyefanya kazi inatoka wapi?

Victoire


Kigoma, 14 Januari 2010

Victoire dada yangu,

Heri ya mwaka mpya, na siyo mwaka tu. Mchungaji wenu Ernest amepiga simu kutoka huko! Unajua tuliimba naye besi pale kambini, sauti yake naijua hata akikohoa. Amesema Jumapili ya kwanza ya mwaka ulisimama madhabahuni, ukashuhudia kwamba umepona, ukauacha mkongojo ukatembea mpaka mlangoni kwa miguu yako. Amesema wameutundika ukutani uwe ushuhuda.

Hapa ilikuwa vigelegele. Wamama walikuja na ngoma. Jirani alileta jogoo, na wewe unajua jirani huyo hajawahi kuleta chochote. Mzee wa kanisa alisema nadhiri imetimia, akaingia karakana mwenyewe, akaitoa patasi kwenye msumari wake akanishikisha mbele ya watu wote. "Chonga, fundi!" Nimewaambia kesho. Kesho yake nimesema mti haujakauka. Leo nimesema kiuno.

Umepona kweli, Victoire? Kabisa? Unainama? Niandikie neno lenyewe, siyo hadithi. Kama umepona, sema umepona.

(Wifi, naandika hapa naye anadhani nimeshafunga bahasha. Niandikie ukweli, uwe mtamu au mchungu. Hajafurahi kama unavyofikiri. Anaishika ile patasi halafu anaiweka chini. Kuna jambo, na amenikataza. D.)


Vårby gård, 21 Februari 2010

Yaya wangu, na wifi yangu,

Nimeisoma barua yenu nimesimama kwenye ngazi, koti bado mwilini. Salamu zote za mwanzo chukueni kwa jumla, sisi ni wazima, Christelle amepasi hesabu, theluji inafika magotini. Sasa niwajibu.

Sijapona.

Niwaeleze ilivyokuwa. Jumapili ile niliomba nafasi ya kuwashukuru watu, maana kanisa hili limeniombea kila wiki kwa miaka, na limenipikia. Nikasimama, nikasema, "Ndugu zangu, nimepata nafuu. Namshukuru Mungu, nimepata kazi." Hayo tu. Nafuu, yaya! Mtu mwenye homa akinywa uji anapata nafuu. Sasa kanisani kwetu kuna Waganda, na anayewatafsiria kwa Kiingereza ni Petero. Kiswahili cha Petero alikiokota njiani akiwa na haraka. Nafuu hakuijua, akaangalia uso wangu, akaona ninacheka, akasema kwa sauti kubwa kwamba nimepona kabisa. Waganda wakaruka. Waliposimama Waganda, Wakongo nao wakasimama, nani anataka kubaki nyuma? Ngoma ikapigwa. Mchungaji Ernest akalia. Akanyanyua mkongojo wangu juu, na kabla sijafungua mdomo vijana wameshapigilia msumari, wameutundika karibu na saa ya ukutani, kuku wako akitutazama.

Lakini nikwambie na hili, maana ni kweli vilevile. Nilitembea. Kulikuwa na joto, watu wameshikana, kinanda kinalia, na mimi nikaenda mpaka mlangoni bila mkongojo na sikusikia kitu. Nilikuwa mwepesi. Nilikuwa kama vile ninapoota niko Uvira nashuka kwenda ziwani, miguu inajua njia yenyewe. Sikumdanganya mtu kwa hatua zile.

Nje barafu ilinikumbusha. Christelle alinifikisha nyumbani karibu kwa kunibeba, na kesho yake sikuinuka, wala kesho kutwa. Ikabidi niwapigie simu ghalani. Zaid akasema, "Lala! Usikuja!" Nikalala. Nikiwa pale kitandani, mwanamke mmoja wa kanisani akaja na chakula, akaniambia kwa wema kabisa, "Dada, sasa umepona, Kasa wakisikia itakuwaje?" Nikaisukuma sahani kando. Ndiyo maneno yako yale yale ya mguu ndani mguu nje. Nikisema nimepona, namdanganya Mungu na mama wa Kasa kwa pamoja. Nikisema ni mgonjwa, je, kazi yangu ni uongo? Na nani atalirudia kanisa na kulivua furaha yake? Nilifikiria kuiacha kazi. Nakwambia wazi, niliandika hata maneno ya kuagia.

Mwishowe nilirudi kazini na gongo la Christelle la kuchezea mpira wa ukumbini, lile la plastiki lililopinda chini. Watu kwenye treni walinipisha wakidhani nakwenda mashindano. Zaid akaniona, akafungua rafu. "Chukua mkongojo, mwenyewe hatarudi." Nikakataa. Mkongojo wa mtu ni wa mtu.

Wiki iliyopita jua lilianza kurudi. Linaingia kupitia kidirisha cha juu kabisa cha ghala, linakaa kidogo kwenye rafu ya kofia, linaondoka. Katika saa hiyo akaingia mzee mmoja wa Kiswidi, ameshika ukuta, anacheka kwa haya. "Nilisahau." Nikampa mkongojo wake. Safari hii sikunyamaza, nikamwuliza, "Baba, ulishukaje kwenye treni bila huu?" Akafikiri. Akasema hajui. Jua lilikuwa linapiga kiti chake, mtoto wa mtu alikuwa anaimba, alikuwa na saa njema, akainuka akashuka. Mguu ulimkumbuka akiwa ameshafika kwenye duka la mkate. Nikamwuliza, "Hukuona aibu kuja kuuchukua?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Wangu huu," akasema.

Niliona mwanga, yaya. Nilicheka mpaka Zaid akaleta maji.

Jumapili hii, leo hii, kabla ya mahubiri, nilikwenda mbele na lile gongo la mpira. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema kwa Kiswahili cha polepole ili Petero asikie kila herufi, "Ndugu zangu, nimekuja kuchukua mkongojo wangu. Niliusahau."

Petero akaniangalia, akaangalia ukuta, akatafsiri. Safari hii hakukosea, kwa sababu neno kusahau hata yeye analijua. Mtu mmoja nyuma akacheka, mama mwingine akasema "Yesu wangu," na Mchungaji Ernest akashuka. Nilidhani atanikemea. Akaniuliza pole pole, "Na ile saa uliyotembea, Victoire? Ile saa ilikuwa nini?" Nikamwambia, "Ilikuwa ya kweli, Mchungaji. Ilikwisha. Zitakuja nyingine." Kisha akapanda kiti yeye mwenyewe, akautoa msumarini, akaupangusa vumbi kwa mkono wa koti lake. "Chukua kuku wako," akasema. Msumari umebaki. Nimewaambia wautundikie kalenda.

Kwa hiyo jibu ni hili. Mimi ni mgonjwa na mimi nafanya kazi. Nimemwambia na mama wa Kasa kisa chote, akasema hivyo ndivyo ilivyo siku zote, sheria yenyewe imetungwa kwa ajili ya watu wa namna yangu. Mlango haujanipiga. Kumbe ni mpana kuliko tulivyodhani.

Nadhiri yako, yaya, imekufa au imetimia, sijui, lakini mimi siitaki. Usiningoje. Ukiningoja nipone, patasi itaota kutu mkononi mwako. Na kama si mimi unayemngoja, basi niambie unangoja nini. Nimezisoma barua zako zote tena jana. Unazungumzia sauti ya randa, kukohoa kwa Ernest, mwalimu anayeimba kwa pua. Huniambii hata kitu kimoja ulichokiona.

Victoire


Kigoma, 28 Machi 2010

Victoire, mwana wa mama,

Salamu Denise atazipanga mwisho, leo sina subira nazo.

Macho. Ndiyo hayo, umeshinda. Tangu mwaka juzi. Lilianza la kushoto, ukungu pembeni, nikadhani ni vumbi la mbao. Halafu la kulia. Daktari anaita presha ya macho, na akasema kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga na kivuli. Denise namjua kwa harufu ya kitunguu.

(Asante sana. D.)

Nilikosa ujasiri wa kusema. Fundi kipofu ni neno la kuchekesha watoto. Basi nikaweka nadhiri juu yako, nikajificha nyuma ya ugonjwa wako, na kila mtu akaniita mcha Mungu. Ulipopona kwa simu, nilikaribia kufa. Walinishikisha patasi na mimi sikuuona hata mti. Ndiyo maana nilikuuliza kabisa, kabisa. Nilikuwa naomba useme hapana, dada yangu. Hilo linaniuma kulisema, lakini ndilo.

Denise alinisomea barua yako, nikamwambia asome tena pale pa mzee wa Kiswidi. Sikulala vizuri. Asubuhi nikawaambia vijana wanikatie kipande cha mninga kwa msumeno, wanipe kiti ubavuni mwa mlango ambapo jua linanipata mkononi. Walitazamana, nilisikia wakitazamana. Kazi nzito ni yao. Mimi nachukua umaliziaji, asubuhi tu, mpaka vidole vichoke. Nimejikata mara kadhaa, siyo sana. Kumbe nyuzi za mti zinasomeka kwa kidole gumba, zamani nilikuwa naziangalia tu.

Sasa sikiliza. Juzi nilianza baada ya chai. Nilikuwa nazunguka shingo ya kitu fulani, mti unaitikia vizuri, kijana mmoja anapiga mluzi, na mara nikasikia adhana ya adhuhuri. Nikashtuka. Victoire, tangu chai mpaka adhana, nilikuwa nimesahau. Sikumbuki kama kulikuwa na giza. Nilikaa pale nikalia mbele ya wafanyakazi wangu, nao wakaendelea kupiga randa kwa adabu.

Nimemaliza. Ni mkongojo, wa kwangu, maana mwaka mzima nimekuwa nikijigonga kwenye milango kwa kiburi. Kichwani, ili nikomeshe maneno ya watu wa Stockholm, nimechonga kuku.

(Wifi, ametoka tai. Naapa. D.)

Neno uliloniomba Oktoba hili hapa, limechelewa kama barua zote: nenda. Nenda hivyo hivyo ulivyo. Siku mgongo ukikataa, lala, na siku ya pili nenda tena. Baba angesema hivyo, ila angesema kwa kelele.

Mkongojo nimeusimamisha kando ya mlango. Denise ananiuliza, je, siku nitakayotoka bila huo, anikimbilie nao barabarani? Nimemwambia asikimbie. Aniache nifike kwanza kwenye duka la mkate.

Yaya wako,
Bonaventure

(Jina ameandika mwenyewe. Limepanda mlima kidogo, lakini limefika. D.)